Mahindi ya Darasa la Tatu

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbithe alikuwa ameshatoka kwenye landhi na debe la maji kichwani. Landhi ni zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa reli pale Voi, familia moja chumba kimoja, mfereji mmoja kwa watu wote. Alivuka reli, akapita nyuma ya bohari, akashika njia ya vumbi jekundu mpaka shuleni. Wenzake wa darasa la tatu walibeba mikebe na vibuyu. Yeye alibeba debe zima, kwa sababu wao walikuwa na miaka minane, tisa, na yeye alikuwa na kumi na tatu.

Hicho ndicho kilichomchoma. Miaka kumi na tatu, na bado darasa la tatu!

Si kwamba alikuwa mjinga. Kule Moshi, Tanzania, alikozaliwa, alikuwa amemaliza darasa la sita, na kwa hesabu alishika namba mbili. Baba yake, Wambua, Mkamba wa Kenya, alikuwa fundi wa mabehewa huko. Mama yake ni Mpare wa huko huko. Mwanzoni mwa mwaka wa 1977 reli ya Afrika Mashariki ikagawanywa, kila nchi ikachukua yake, na mpaka ukafungwa. Wambua akaambiwa arudi kwao. Akarudi na mke, watoto watatu, kitanda na cherehani, akapata kazi Voi.

Sasa Mbithe alikuwa Kenya. Kikamba hakijui. Kidawida, lugha ya watoto wengi pale, hakijui. Na Kiingereza alijua cha kusalimia tu, maana kule alikotoka masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili. Hapa hesabu ilikuwa kwa Kizungu, jiografia kwa Kizungu, hata mdudu kwenye kitabu cha sayansi alikuwa na miguu ya Kizungu.

Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu, Bwana Elijah, alimpa kitabu asome. Mbithe akasoma mstari mmoja, akakwama kama gari kwenye mchanga.

"Darasa la tatu," Bwana Elijah akasema. "Na ni kwa majaribio, mpaka mwisho wa muhula. Akileta shida moja tu, mama, mtoto huyu anarudi kwao."

"Kwao wapi, mwalimu?" mama akauliza. "Mpaka si umefungwa?"

Mwalimu Mkuu akafunga kitabu. Mama alikuwa ameshazunguka shule zote za karibu, na kila mahali aliambiwa hakuna nafasi. Ni hii, au ni kukaa landhi kuosha sufuria.

Basi Mbithe akakaa darasa la tatu. Dawati lilikuwa la watoto, magoti yakawa yanagonga mbao. Wavulana wa darasa la sita walikuja dirishani kumwangalia.

"Bibi harusi wa darasa la tatu!" walimwita. "Mtanzania! Mahari yako madebe mangapi?"

"Mlete baba yako tuongee," Mbithe akajibu. "Na wewe baki nyumbani, umri wako haujafika."

Hakulia hata siku moja. Aliapa kwamba mtu wa shule ile hatayaona machozi yake.

Mtu wa kwanza kumtendea kama mtu alikuwa mlinzi, Mzee Mwinyihaji. Asubuhi ile ya kwanza Mbithe alimsalimia mwalimu wake, Bwana Donald, "Shikamoo, mwalimu," na darasa zima likaangua kicheko. "Hapa tunasema gudi moningi sa," Bwana Donald akamwambia. Lakini jioni alipompita mlinzi langoni na kumwamkia vile vile, mzee alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wazazi hawajambo?"

Mzee Mwinyihaji alikuwa na kofia ya kiua, rungu, na kombeo la kurushia mawe. Kazi yake kubwa haikuwa wezi. Ilikuwa nyani. Nyuma ya madarasa kulikuwa na shamba, na nyani wa Voi hawaogopi mtu. Wanashuka kundi zima na watoto mgongoni, na wakitoka unabaki na mabua tu.

Shamba lilikatwa vipande, kila darasa kipande chake. Darasa la tatu walipanda mahindi. Mbegu kila mtoto alitoa kwao, ngumi moja. Jembe alibeba kutoka kwao. Na mvua ya mwaka ule ilipokatika mapema, wakaambiwa kila mtoto aje na maji.

Hapo ndipo Mbithe alipochangamka. Kama kuna kitu alikijua, ni shamba la shule. Kule Moshi shule yao ilijilimia, na wanafunzi walikula walicholima. Ijumaa walipika makande kwenye sufuria kubwa, kila mtu na sahani yake. Kwa hivyo alipoona wale watoto wanamwaga maji ovyo yakakimbia yote, hakuweza kunyamaza.

"Ninyi mnamwagilia njia au mnamwagilia mahindi?" akawauliza. "Njooni niwaonyeshe."

Akawafundisha kuchimba kishimo kuzunguka kila shina ili maji yakae. Akawafundisha kutandaza majani makavu chini, ili jua lisinyonye unyevu. Watoto wakamfuata, kwanza kwa sababu alikuwa mkubwa, halafu kwa sababu waliona inafaa. Kufika mwezi wa sita, mahindi ya madarasa mengine yalikuwa ya njano, yamekunja majani kama sigara. Ya darasa la tatu yalikuwa kijani, yamempita Mbithe kwa urefu.

Bwana Donald alikuwa akija, anayaangalia, anatabasamu, anaondoka. Mbithe alidhani anatabasamu kwa ajili ya wanafunzi wake.

Siku ya Alhamisi, mwisho wa mwezi wa sita, Bwana Donald alikwenda Wundanyi kwenye mkutano wa walimu. Darasa la tatu wakaachiwa hesabu ubaoni. Saa sita wakamaliza. Watoto wenye chakula nyumbani karibu wakaenda. Wengi hawakwenda, kwa sababu kwao kulikuwa mbali au hakukuwa na kitu cha kwenda kula. Walikaa kivulini, ukutani, wakimeza mate.

Mbithe akaliangalia shamba. Ndevu za mahindi zilikuwa zimekauka kidogo, rangi ya kahawia. Akaenda, akabonyeza hindi moja kwa kidole gumba. Limejaa.

"Ishaq," akaita. "Lete lile debe langu. Ninyi wengine, kuni. Leo tunakula."

Ishaq alikuwa na miaka minane, mfupi, mdomo mrefu kuliko yeye mwenyewe. Aliganda kidogo. "Leo? Umesema leo?"

"Kwani yangojwe mpaka yaote meno?"

Watoto wakaangaliana, halafu wakaruka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyejua. Wao walidhani msichana mkubwa ametumwa na mwalimu, maana nani angethubutu bila kutumwa? Na yeye alidhani wanajua kwamba mahindi ni yao. Mzee Mwinyihaji angewasimamisha, lakini saa hiyo alikuwa ameenda msikitini kusali adhuhuri, kama alivyofanya kila siku kwa ruhusa.

Walivunja mahindi thelathini na moja, moja kwa kila mtoto aliyekuwepo. Mbithe hakuvunja moja zaidi. Wakapanga mawe matatu nyuma ya choo cha zamani, wakachemsha. Ee, siku ile palikuwa na kelele! Mtoto mmoja aliyekuwa akisinzia kila mchana alikula mpaka akaanza kuimba. Mbithe alikaa katikati yao na hindi lake. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, alijiona yuko mahali pake.

Ndipo Loise akatokea. Loise alikuwa wa darasa la sita, jirani wa Mbithe kule landhi. Aliangalia debe, akaangalia magunzi, akashika mdomo.

"Mungu wangu! Mmefanya nini? Nani amewaambia mvunje?"

"Nimewaambia mimi," Mbithe akasema. "Karibu. Kuna maji matamu kwenye debe."

"Karibu nini! Hayo ni mahindi ya Mwalimu Donald! Ameshayaahidi kwa mwenye hoteli pale stesheni. Kila darasa linamlimia mwalimu wake. Hata sisi tunalima ya mwalimu wetu."

Mbithe aliacha kutafuna. "Ya mwalimu? Yeye alilima lini?"

"Halimi, ni mwalimu!" Loise akasema, kama mtu anayemwelezea mtoto kwamba maji ni maji. "Atawaua. Na wewe, Mbithe, uko kwa majaribio. Umekwisha."

Watoto walianza kulia, mmoja, wawili, halafu wote. Mbithe akaweka hindi lake chini. Shida moja tu, alisema Mwalimu Mkuu. Hii ilikuwa shida thelathini na moja.

Ishaq ndiye aliyepata akili kwanza. "Jamani, nyamazeni. Tuseme ni nyani."

"Nyani?"

"Nyani. Wao kila siku wanaiba, na hawana mdomo wa kujitetea."

Kabla Mbithe hajasema neno, watoto walikuwa ndani ya shamba. Walivunja mabua, wakaburuta majani, wakatupa mahindi mawili yaliyong'atwa nusu. Magunzi wakafukia. Moto wakaumwagia maji, jivu wakalitawanya. Mbithe alisimama tu. Angeweza kusema "acheni," na hakusema. Alikuwa anaona sufuria za landhi.

Kesho yake, Ijumaa, Bwana Donald aliona shamba lake kabla ya paredi. Alirudi uso umekunjamana. Bendera ikapandishwa, wimbo ukaimbwa, na Mwalimu Mkuu akamwita Mzee Mwinyihaji mbele ya shule yote.

"Mzee, nyani wamekula mahindi ya Bwana Donald. Wewe ulikuwa wapi?"

"Sikuwaona, mwalimu."

"Hukuwaona kwa sababu ulikuwa umelala!" Bwana Donald akafoka.

"Nililala? Mimi?" Mzee alimtazama, akavuta pumzi. "Mchana nilikwenda kusali. Ikiwa kuna kilichoingia, kiliingia saa ile."

Asubuhi ile Mbithe alikuwa amemwona mzee akizunguka shambani. Alimwona anainama, anaangalia udongo uliojaa alama za miguu midogo ya watoto, hakuna hata kinyesi kimoja cha nyani. Alimwona ananyanyua gunzi lililofukiwa vibaya, analigeuza, analitia mfukoni. Mzee alijua. Alijua, na alikuwa amenyamaza, hataki watoto wapigwe.

"Hii si mara ya kwanza," Bwana Elijah akasema. "Mwezi uliopita waliingia shamba la darasa la nne. Shule haiwezi kumlipa mlinzi ambaye nyani wanapita mbele yake. Weka rungu hapo, mzee. Leo ndiyo mwisho."

Mzee hakubishana. Aliinama polepole, magoti yakilia, akaweka rungu chini, halafu kombeo juu yake. Akajifuta mikono kwenye kanzu na kuelekea langoni. Watoto wote wa darasa la tatu walikuwa wanaangalia vidole vyao vya miguu.

"Si nyani!"

Mbithe mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake. Alikuwa ametoka mstarini, amesimama peke yake kwenye vumbi.

"Mzee, simama, usiende! Si nyani, mwalimu. Ni mimi."

Paredi nzima ikageuka. Bwana Elijah akavua miwani. "Wewe nini? Ongea Kizungu. Hapa paredi tunaongea Kizungu."

"Kiingereza changu hakitoshi kwa jambo hili," Mbithe akasema. "Nitalisema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. Mahindi nilivunja mimi. Nikachemsha. Tukala. Mzee Mwinyihaji hana kosa lolote."

"Mtanzania mwizi!" mtu akapiga kelele kutoka darasa la sita.

Mbithe akamgeukia. "Mtanzania ndiyo. Mwizi, hapana!"

"Ofisini!" Bwana Elijah akasema. "Na wewe mzee, nenda nyumbani, Jumatatu uje utoe ushahidi."

Ofisini kulikuwa na meza, saa ya ukutani na fimbo mbili juu ya kabati. Bwana Donald alikuwa anatembea huku na huko. Mbithe akaeleza yote. Shamba la Moshi, makande ya Ijumaa, njaa ya watoto, jinsi walivyosingizia nyani. Hakumtaja Ishaq. Alisema "tulisema," na akaishia hapo.

"Jumatatu," Bwana Elijah akasema, "utasimama paredi useme uliiba mahindi ya mwalimu. Utapigwa sita. Hapo nitafikiria kama utabaki."

"Nitaomba msamaha kwa kutouliza, mwalimu. Na nitamwomba mzee msamaha, kwa sababu nilinyamaza. Viboko nipigeni. Lakini kusema niliiba, siwezi. Sikuiba."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi nenda nyumbani. Jumatatu uje na baba yako. Usiposema hivyo, usije na vitabu."

Wambua alikuwa amelala chini ya behewa, uso mweusi kwa grisi, Mbithe alipomfikia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutoka. Halafu akatoka, na hakuwa na furaha.

"Unajua mama yako alivyoomba nafasi ile? Unajua alipiga magoti mbele ya walimu wangapi?"

"Najua, baba."

"Basi Jumatatu utasema uliiba. Neno moja tu. Litakuua?"

"Nikisema niliiba, wale watoto wote ni wezi. Wana miaka minane, baba. Walibeba maji miezi miwili, mikebe inawatoboa mikono. Niwaite wezi?"

Wambua akachukua kitambaa, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kichwa chako ni chuma cha reli," akasema. "Nenda nyumbani, mama yako asisikie kwa watu."

Mama alipoambiwa alikaa kwenye kitanda na cherehani mbele yake, hakushona. "Kosa lako si kuvunja mahindi," akasema mwisho. "Kosa lako ni kwamba ulimwacha mzee wa watu abebe aibu ya mwingine. Hilo utalilipa. Hilo jingine, sijui. Tutaona."

Jumatatu Wambua akavaa shati lake la Jumapili, wakavuka reli pamoja. Mbithe alibeba vitabu. Aliambiwa asije navyo bila kukubali wizi, na alikuja navyo.

Ofisini walikuwa Bwana Elijah, Bwana Donald, na pembeni Mzee Mwinyihaji, aliyeitwa kutoa ushahidi. Walimu walikuwa wakingoja kuombwa. Wambua alivua kofia, akasema, "Walimu, mtoto wangu amekosa. Hakuuliza. Kwa hilo naomba msamaha mimi pia, maana ni mimi niliyemleta kwenu bila kumwelezea desturi za hapa. Lakini niruhusuni niulize. Mbegu zilitoka wapi?"

Bwana Donald akakohoa. "Watoto walileta."

"Majembe?"

"Ya kwao."

"Na maji?"

Mzee Mwinyihaji akajibu kutoka pembeni. "Maji nimeyahesabu mimi, kila asubuhi yakipita langoni. Huyu binti debe moja, kila siku ya Mungu."

"Sikilizeni," Bwana Donald akasema, na sauti yake haikuwa kali tena. "Sikuanzisha mimi jambo hili. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo kule kwetu Ronge niliwalimia walimu wangu, na hakuna aliyeuliza. Nilidhani ndivyo shule zilivyo."

"Na ulipokuwa unalima, mwalimu," Mbithe akauliza, "ulikuwa huhisi njaa?"

"Mbithe!" baba akamkemea.

Lakini Bwana Donald alikuwa ameshalipokea swali. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Alikaa kama mtu aliyechoka ghafla. "Nilihisi," akasema. "Tulikuwa tunatafuna mabua, tukijificha."

Bwana Elijah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikuwa mtu mgumu, na watu wagumu hawageuki kwa dakika moja. "Wewe msichana," akasema mwisho, "yale mahindi yalisimamaje bila mvua? Ya darasa la saba yamekufa, na wao wana nguvu mara mbili."

Mbithe akaeleza vishimo na majani makavu. Akaeleza kwa vidole juu ya meza, akachora shina, akachora maji yanapokaa, akatoa hesabu ya mikebe mingapi kwa mashina mangapi. Bwana Elijah akamrudisha nyuma mara mbili, akajaribu kumkamata kwenye hesabu, hakukamatika.

"Hesabu hiyo ni ya darasa la tano," Bwana Donald akasema taratibu.

"La sita," Mbithe akasema. "Nimeiona kwenye kitabu cha Loise. Kwetu ni la nne."

Mzee Mwinyihaji akacheka peke yake, akajifanya anakohoa.

Bwana Elijah akaketi. "Neno wizi nimeliondoa," akasema. "Lakini kutouliza ni kosa, na kusingizia ni kosa kubwa zaidi. Utafagia uwanja wiki mbili, wewe na wote waliokula. Mzee atarudi kazini leo. Na kuanzia msimu huu, nusu ya kila kipande ni ya sufuria ya watoto. Bwana Donald, una neno?"

"Nina neno moja. Nimepoteza mahindi, sasa napoteza na mlimaji," Bwana Donald akasema. "Huyu hawezi kukaa kwangu. Dawati linamwumiza magoti na mimi linaniumiza macho. Mpeleke darasa la tano. Kizungu nitamfundisha mwenyewe saa kumi, baada ya shule, na yule jirani yake Loise atamsaidia nyumbani."

"Na majaribio?" Wambua akauliza.

"Yamekwisha. Ni mwanafunzi wa hapa," Bwana Elijah akasema. Halafu akamnyooshea Mbithe kidole. "Lakini paredi utaongea. Kwa Kiswahili, kwa leo."

Paredini, Mbithe alimgeukia Mzee Mwinyihaji mbele ya watu wote.

"Babu, nilijua hukukosa, na nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Ulifukuzwa wewe badala yangu. Nisamehe."

Mzee akaweka mkono kifuani. "Siku tatu nilimwambia mke wangu sina kazi," akasema. "Hazikuwa siku nzuri, mjukuu wangu, sikufichi. Lakini ulisema kabla sijatoka langoni. Nimekusamehe."

Darasa la tatu zima, bila kuambiwa, wakatoka mstarini wakasimama nyuma ya Mbithe, Ishaq mbele kabisa, kichwa chini. Bwana Elijah akawaacha wasimame.

"Sikilizeni wote," akasema. "Mtoto huyu alitoka mahali ambapo mambo yanafanywa tofauti. Alikosea kwa sababu hakuuliza. Na sisi tulikosea kwa sababu hatukumwuliza chochote. Tulimpima kwa Kizungu tu, tukadhani tumemjua. Mgeni akija kwenu, mwulizeni anajua nini kabla hamjamwambia hajui nini. Na wewe mgeni, uliza desturi ya watu kabla hujagusa kilicho chao. Hayo mawili kila mtu anaweza kuyakosea, na yanasameheka. Lakini kumtupia mtu mwingine kosa lako ukanyamaza, hilo linavunja nyumba ya mtu. Ukikosa, toka mstarini useme, ni mimi. Hata kama miguu inatetemeka. Mmenisikia?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Ingieni madarasani."

Mistari ikasonga. Ishaq akamvuta Mbithe sketi. "Darasa la tano ni mlango ule wa mwisho. Wana viranja wakali. Utaweza?"

"Wao ndio waulizwe kama wataniweza," Mbithe akasema.

Wavulana wa darasa la sita walikuwa wamesimama ukutani wakimngoja apite, lakini safari hii hakuna aliyepata neno la kumwita. Mbithe akakumbatia vitabu vyake, akapita mbele yao, akapiga hodi kwenye mlango wa darasa la tano. Mwalimu wa humo akamwuliza jambo kwa Kizungu. Mbithe hakuelewa hata nusu yake.

"Sijaelewa, mwalimu," akasema kwa sauti, kichwa juu. "Naomba urudie, nijifunze."

Mwalimu akarudia.